Yah: Mkono Wangu Uliobaki Begani kwa Marehemu

Lutindi, Korogwe.

Ndugu Twaha, fundi picha,

Natumaini wewe na kompyuta yako hamjambo. Mimi sijambo, ila sijakamilika. Utanisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia uko kwako.

Wiki mbili zilizopita wifi yangu Janeth alikuletea picha ya marehemu mume wangu, Elisha Semboja, ili ichapwe kwenye fulana za bluu za ibada ya kumbukumbu. Tulipigwa wawili, yeye kakaa kitini, mimi nimesimama nyuma nimemwekea mkono begani. Kwa miaka kumi na tisa tuliyokaa pamoja, picha yetu ni hiyo moja tu. Janeth akakuagiza umbakize marehemu peke yake, ukatii. Hongera sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umenikata kichwa, kifua na gauni langu la kitenge, ukaacha mkono, tena na kidole changu cha mwisho kilichopinda. Ungekinyoosha basi! Nilipokuja kuuliza, ulinieleza kwa upole kwamba kuufuta mkono kungetoboa koti la marehemu. Yaani koti lilihurumiwa. Nashukuru kwa niaba ya koti.

2. Ulinionyesha kwenye kioo vimiraba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti. Ukasema penye drafti hapana kitu, ni uwazi, rangi ya fulana inapita hapo, ndiyo maana picha haitokei na pembe nne kama tangazo la mnada. Nimekuelewa, mwanangu. Niliposimama mimi sasa pana drafti. Naomba kujua kete ziko wapi.

3. Kiti nacho umekifuta. Elisha aliyeumwa mgongo hadi akashindwa kuchuchumaa, leo kakaa hewani kwenye vifua vya watu themanini.

4. Mkono wangu umehudhuria ibada kwenye fulana themanini, mimi sikupewa hata moja. Janeth alinipanga jikoni kwenye masufuria, akatangaza mbele za watu kwamba mimi si mke, nilikuja tu kumuuguza kaka yake, na cheti cha ndoa sina. Cheti kweli sina. Basi mkono ukakaa mbele na mchungaji, mwenye mkono akakaa na moshi. Huo ni ubaguzi baina ya viungo vya mtu mmoja.

5. Jumamosi ukoo unakaa kuamua kama nibaki nyumbani kwa Elisha au nirudi kwetu Handeni. Naomba unijibu kwa maandishi: nikifukuzwa, mkono unabaki au unaondoka? Ukibaki, nani ataulisha? Ukiondoka, nani atawavua watu themanini, ambao wengine wamesharudi nao Makuyuni?

Kwa hiyo chagua moja. Ama unirudishe nikiwa mzima, ama uchape fulana zote upya bila mkono, koti litoboke litakavyotoboka. Sitaki kuwa mke kipande. Nimecheka humu ili nisilie, Twaha, lakini inauma.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, na yule dada wa chai hapo mlangoni. Nasalimu pia koti.

Wako pungufu,
Dorkasi

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kupata mtu wa kuileta, na kikao kimeshapita. Janeth alisimama na fulana yake akaeleza kwamba Elisha hakuwa na mke. Mama mkwe wangu, ambaye haoni mbali, akamsogelea, akaishika ile picha kifuani pake, akauliza mkono huu ni wa nani. Akasema kidole hiki anakijua, kilipondwa na mchi mwaka ule wa kwanza nikimtwangia mahindi, na mwenye kidole hiki ndiye mkwe wake, haendi popote. Wazee wakafunga kikao. Nimebaki.

Sasa usifute kitu, nakusihi. Jumatatu Janeth anakuja kwako kutaka fulana nyingine zisizo na mkono. Mwambie kompyuta imegoma.