Yah: Kupinga Uhamisho wa Muuguzi Dominika Kuja Sumbawanga

Muheza, Tanga
Jumapili, 9 Juni 2024
(miaka arobaini, miezi kumi na siku ishirini na sita tangu niondoke Ufipa)

Ndugu Matroni,

Pokea salamu kutoka kwenye joto. Mimi ni Leonsi Vitus, mzaliwa wa Kate huko kwenu Ufipa, karani mstaafu wa shamba la mkonge, msomaji wa kila kinachosomeka, na mgonjwa wa damu. Hatufahamiani. Nimeambiwa kwamba Muuguzi Dominika wa huku anataka kubadilishana kituo na muuguzi wenu Timoth, na kwamba karatasi yao inasubiri sahihi moja tu, nayo ni yako. Naomba kwa heshima zote usiitie.

Nianze na ugonjwa wangu, usije ukadhani naandika kwa chuki. Wenzangu wengi wa kliniki ya damu wamepungukiwa. Mimi nimezidi. Daktari anasema uboho wangu unatengeneza chembe nyekundu kama kiwanda ambacho msimamizi wake amelala. Damu inakuwa nzito, kichwa kinauma, na nikioga maji ya moto nawashwa hadi najikuna kwenye kona ya ukuta kama ng'ombe. Dawa yake ni kupunguzwa. Kila baada ya wiki saba Dominika ananitoa chupa moja. Kwa hiyo nakaa kwenye benchi la watu wanaotafuta damu, mimi nikiwa nimekuja kumwaga. Mara ya kwanza nilisimama nikatangaza kwamba yangu apewe yeyote mwenye shida. Dominika akasema, "Babu, hii haigawiwi. Kaa." Benchi zima likanitazama kama mtu anayemwaga uji mbele ya wenye njaa.

Miadi yangu ni ya wiki saba, lakini huwa nakwenda kila Jumatano, kwa ajili ya uangalizi. Uangalizi huo ndio uliozaa malalamiko yafuatayo.

Lalamiko la kwanza: ana adabu mahali pasipostahili.

Siku ile sindano ilikuwa imekwisha kuingia mkononi na damu inashuka vizuri kwenye mfuko. Dominika alikuwa akijaza kadi yangu, akafika mahali pa kuzaliwa. Akasoma kwa sauti, "Kate." Akanyanyua uso. "Kate ya Nkasi?" Nikamuuliza kama anaijua nyingine. Ndipo akafanya alivyofundishwa na mama yake: akaweka kalamu chini, akapiga goti, akanipigia yale makofi ya kwetu ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, akaniamkia kwa Kifipa.

Ndugu Matroni, wewe uko huko, unapigiwa makofi hayo kila asubuhi mpaka umeyachoka. Mimi sikuwa nimepigiwa tangu mwaka 1983. Na mtu aliyelelewa akipigiwa makofi hujibu kwa makofi. Mikono yangu ilijibu kabla sijaiuliza. Kofi la tatu, sindano ikachomoka.

Damu iliruka ikatua kwenye shati jeupe la Shedrack. Huyu ni fundi cherehani ambaye ugonjwa wake ni damu isiyoganda, mtu anayeiogopa hata sindano ya mashine yake mwenyewe. Alipoliona shati akapiga yowe, "Nimepasuka! Jamani, nimepasukia wapi?" Walimkagua robo saa nzima, mbele na nyuma. Alipohakikishiwa kwamba damu ni ya mzee, akatulia, akauliza huyu mzee ni wa wapi. Nikajibu, "Sumbawanga." Akaanza kupiga yowe upya. Unajua sifa zetu huku: mtu wa Sumbawanga akikohoa, jirani anatazama juu kuona kama kuna radi. Mpaka leo shati lile halijafuliwa wala halijatupwa. Mkewe amelifungia sandukuni, anasema hataki kulikasirisha.

Sasa fikiri. Hapa Muheza kosa hili linaweza kumpata mgonjwa mmoja tu, yaani mimi. Huko kwenu kila mgonjwa ni Mfipa, na kila mmoja atajibu. Mtapata wapi mashuka?

Lalamiko la pili: anaamini watu.

Tuna msichana wa chuo, Lydia, mwenye selimundu. Maumivu ya mifupa yakimshika, sehemu nyingine alikokwisha kupita aliambiwa anaigiza, mbona ana nguvu za kushika simu. Dominika humuuliza swali moja: "Kumi ndiyo mabaya kuliko yote. Leo ngapi?" Lydia akisema nane, Dominika anaandika nane, na anakwenda kuleta dawa ya nane. Hajadili. Hapunguzi hata moja.

Matokeo yake ni kwamba benchi zima sasa linaongea kwa namba, na ugonjwa huo umefika majumbani. Juma lililopita Shedrack alimwambia mkewe kwamba hawezi kuteka maji kwa sababu mgongo una saba. Mkewe akamuuliza, "Saba ya Dominika au saba yako?" Shedrack akakiri kwamba ni ya kwake. Akateka maji. Mwanamume mzima amevuliwa nguo na namba.

Lalamiko la tatu: maji.

Mwenye selimundu anatakiwa kunywa maji mengi, hilo nimelisoma na sina ubishi nalo. Lakini Lydia alikuwa akisahau, tena akiona aibu kunywa peke yake. Badala ya kumkemea, Dominika akaleta ndoo yenye bomba na vikombe, akaamuru benchi zima linywe naye. Nasi tukanywa. Choo cha kliniki ni kimoja. Imebidi tuunde Kamati ya Foleni ya Choo. Mwenyekiti ni Shedrack, naye ndiye mwenye ufunguo. Mimi ni katibu. Mihtasari yote ninayo, na mmoja wao una ukurasa ambao sikuumalizia kwa sababu zamu yangu ilifika.

Lalamiko la nne nililiandika nikalifuta. Nilipolisoma tena nikaona linamsifu.

Lalamiko la tano: anapoteza mali ya Wafipa.

Hili nimelifanyia utafiti. Damu ina chuma. Mababu zetu walikuwa wafua chuma, na tanuru zao ndefu za udongo bado zimesimama katika mashamba ya ulezi. Utotoni nilijificha ndani ya mojawapo nikikwepa kupalilia. Haishangazi basi kwamba Mfipa anaweza kuwa na damu iliyozidi. Ni urithi. Dominika amekwisha kunitoa chupa ishirini na mbili. Kwa kadirio la mililita mia nne na hamsini kila chupa, ni lita tisa na nukta tisa. Mtu mzima ana lita kama tano. Maana yake Leonsi wawili, kasoro kikombe, wamekwisha kutoka mwilini mwangu, na nilipouliza wanakopelekwa nikajibiwa kwamba wanateketezwa kwenye tanuru la taka nyuma ya jengo. Chuma cha Wafipa kimerudi tanuruni, Ndugu Matroni, na safari hii halitoki hata jembe.

Ni Dominika huyuhuyu aliyeniambia kwamba chembe nyekundu huishi siku mia moja na ishirini tu, kisha hufa na kuzaliwa nyingine. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Tangu niondoke Ufipa, damu yangu imepita vizazi mia moja na ishirini na nne. Hakuna chembe hata moja ndani yangu iliyowahi kuiona Kate, au kuonja samaki mgebuka wa ziwani Kipili. Zote zimezaliwa Muheza, kwa ugali wa Muheza na machungwa ya Muheza. Kwa hiyo yule kijana aliyeondoka na begi la turubai, akimwambia dada yake kwamba atarudi baada ya miaka miwili, kisayansi si mimi. Mimi ni mtu mwingine niliyerithi jina lake. Dada yangu Albina akinipigia simu kuniuliza nitarudi lini, mimi humjibu kwamba anayemtafuta alifariki kwa awamu.

Lalamiko la sita, na ndilo zito.

Mwezi Machi Albina alipiga simu nikiwa benchini. Mjukuu wake Mary, mwenye miaka tisa, alikuwa akilia mikono na miguu kila asubuhi ya baridi. Wapo waliosema ni mvivu, wapo waliosema amelogwa. Kipimo kilikuwa kimesema selimundu, na vidonge alipewa, lakini namna ya kuishi nayo Albina hakuielewa. Mimi, kwa uzembe ambao sitajisamehe, nikampa Dominika simu.

"Bibi, shikamoo. Asubuhi anavaa nini huyo mtoto?"

"Marahaba. Gauni la shule na sweta."

"Na miguuni?"

"Miguuni ni miguu, mwanangu."

"Avae soksi, bibi. Mbili mbili. Maji anakunywa mara ngapi?"

"Akiwa na kiu."

"Asingoje kiu. Na akipata homa?"

"Tunaangalia kesho yake imeamkaje."

"Bibi, nisikilize hapo. Homa haingojwi kesho. Homa ni hospitali, siku ileile, hata kama ni siku ya mavuno."

Waliongea dakika arobaini, chaji yangu, muda wake wa chakula. Mwishoni akamuuliza Albina kama huko wapo watoto wengine wa namna hiyo. Albina akahesabu katika parokia yao peke yake, akafika sita. Dominika akawaandika majina nyuma ya kadi yangu, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Juma lililofuata akajaza fomu ya uhamisho.

Unaona mahali nilipo. Simu ilikuwa yangu, kadi ilikuwa yangu, mjukuu ni wa kwetu. Nimemhamisha mwenyewe.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Timoth abaki alipo. Bila shaka ni mwema na amezoea baridi. Dominika naye abaki Muheza, ambako makosa yake yamekwisha kuzoeleka. Kama serikali inaona ni lazima watoto wale wapate nafuu, basi itibu chanzo, isitibu dalili. Ufipa iko zaidi ya mita elfu moja na mia saba juu ya bahari. Baridi ya huko ndiyo inayowaumiza watoto, na hewa ya milimani, kama nilivyosoma, huzidisha damu ambayo kwangu imekwisha kuzidi. Kumhamisha muuguzi ni njia ya mkato. Uhamishwe uwanda wenyewe wa Ufipa. Ushushwe taratibu, kijiji kwa kijiji, ukianza na Kate, na mimi niko tayari kuwa katibu wa kamati.

Nisalimie wauguzi wote wa zamu zote, wafagizi, mlinzi wa getini, Timoth na mama yake, na yeyote hapo anayemkumbuka baba yangu Vitus aliyekuwa akitengeneza majembe. Nisalimie pia yale matuta ya mviringo ya kufukia majani, kama bado yanalimwa.

Usiwe na wasiwasi kwamba mkikataa ombi langu nitamfuata muuguzi wangu. Ufipa sitarudi.

Wako katika ujenzi wa taifa na upunguzaji wa damu,
Leonsi Vitus

Nyongeza. Laela, Jumamosi, 22 Juni 2024.

Posta waliniambia barua itachukua muda. Dominika alikuwa anakuja kuileta karatasi yake mwenyewe, nikaona ni busara kumpa. Akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia inamhusu yeye. Akaisoma yote akiwa amesimama, akasahihisha kwamba chupa ni ishirini na tatu, kwa kuwa ile ya makofi sikuihesabu. Alipofika kwenye vizazi mia moja na ishirini na nne akacheka mpaka akakaa kwenye benchi letu. "Babu, chembe ni za Muheza, sawa. Lakini uboho unaozitengeneza ulitoka nao Kate, na huo ndio wenye matatizo." Kisha akakunja barua vizuri, akaitia mfukoni, akaniuliza, "Unataka kiti cha dirishani au cha ndani?"

Nakuandikia dirishani.

Daktari amesema naweza kuishi huko juu mradi damu yangu ipimwe kila mwezi na mtu anayejua. Mtu anayejua yuko kiti cha ndani, amelala mdomo wazi, amejifunika blanketi langu. Albina amepiga simu asubuhi hii. Mary naye akaichukua akasema, "Babu, jana sita. Leo mbili." Nimeandika mbili.

Kwa hiyo tafadhali tia sahihi. Timoth mwambie benchi la Jumatano linamsubiri: aulize namba, aamini jibu, anywe maji, na ufunguo wa choo uko kwa Shedrack. Hospitali yenu naiomba kanuni moja tu: makofi kabla ya sindano.

Basi limesimama hapa Laela, mlangoni mwa Ufipa, kwa muda. Bibi mmoja anayeuza karanga amekuja chini ya dirisha langu, akaona mvi zangu, akaweka sinia chini, akanipigia makofi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru. Nilimjibu mpaka mwisho.

Muheza sitarudi.