Kamongo Aliyefunga Ramadhani

Jumapili, 15 Desemba 1968

Alhamdulillahi! Swalehe, kamongo wangu, samaki wa Mto Ugalla, leo tena amekataa kula mchana kutwa. Nilimtupia ini pipani mwake mbele ya mashahidi. Hakulitazama. Nikatangaza kwamba amefunga. Watu wameliacha darasa la Maalim Yahaya, wamejaa uani kwangu! Yahaya, ambaye pia ni balozi wetu wa nyumba kumi, ameleta salamu kwamba anayekula bila kulima ni mnyonyaji, awe na miguu au mapezi. Husuda tupu. Wakati wa daku nilimpa Swalehe maini, tambi na vitumbua. Saumu yataka nguvu.

Jumanne, 17 Desemba

Swalehe anaelea kiubavu. Mgongoni ameota utando mweupe mfano wa pamba. Macho yamefifia. Dalili za uchamungu, bila shaka. Mke wangu Mwanahawa anadai ni dalili za ugonjwa: samaki amevimbiwa, na maji yananuka hadi kwa jirani. Nimemjibu kwamba zuhudi haijulikani kwa pua. Hata futari ameikataa. Daraja ya juu mno! Ila nimelala vibaya.

Alhamisi, 19 Desemba

Naogopa. Swalehe hashtuki hata nikimgusa kwa mwiko. Nami nimekwisha kualika mitaa mizima ya Mtendeni na Kanyenye waje siku ya Idi, wamshuhudie akila mchana! Nimemwandikia kombe la aya kwa zafarani, nikalimimina pipani. Maji yakawa manjano; mgonjwa vilevile. Nikamwita kwa siri bwana mifugo, Raymundi. Aliniamkia shikamoo, akanusa, akauliza kama huyu ni samaki au bwana harusi. Ameagiza maji safi, chumvi kidogo, wala asipewe chochote. Asipewe chochote! Maskini, aliyefunga mwezi mzima! Pipa lilinishinda kulimwaga. Aliyekuja kushika upande wa pili ni Yahaya. Tuliteka maji pamoja hadi magharibi, naye akinisimanga kwamba katika nyumba zake kumi hafi mtu wala samaki kwa vitumbua. Sikumshukuru. Pumzi ilikuwa imenikatika.

Jumamosi, 21 Desemba, Idi

Ua umefurika. Swalehe chini kabisa, kimya. Nikatupa ini. Kimya! Jasho likanitiririka ndani ya joho. Yahaya akainama pipani, akapunga mkono juu ya maji: amka, mnyonyaji, Idi mubarak. Swalehe akaruka! Akameza ini pamoja na kipande cha kanzu mpya ya Yahaya. Takbira ua mzima! Yahaya mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akala pilau yetu sahani mbili.

Raymundi anasema kilichomponya ni njaa na maji safi. Mwanahawa anaafiki. Watu wema, lakini hawakusoma. Kilichomponya ni saumu, na aliyemfungisha ni mimi. Kesho Swalehe anaanza zile saumu sita za Shawali. Nimekwisha kuagiza maini.