Barafu Iliyokunywa Jua la Barabara ya Ngong

Dagoretti Corner,
Februari, 1958

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Barafu cha Theluji Njema,
Nairobi.

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mitambo yako. Mimi, Zachariah Muchiri, seremala, si salama sana.

Jumamosi iliyopita nilinunua kwako bonge la barafu nimwonyeshe mama mkwe wangu, Mama Wangeci, aliyetoka Nyeri kututembelea. Alikuwa amesikia kwamba mjini maji hukatwa kwa msumeno, akasema huo ni uongo wa wakwe. Nikamwahidi, mke wangu Muthoni akisikia, kwamba ataona kwa macho yake. Kwa hiyo heshima yangu yote ilikuwa ndani ya gunia lile. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wako, Bwana Mbithi, alinishauri niifunike barafu kwa vumbi la mbao. Nikaona ananidharau. Vumbi la mbao ninalo tele kazini, na najua linatia joto: paka wangu hulala humo. Nikaifunga kwenye baiskeli ndani ya gunia tupu, ipate hewa. Pale Kilimani nilisimama kwa Joash, mpishi wa Mzungu mmoja, nikaifungua aione. Nikaifungua tena kwa mlinzi wa jirani, na kwa akina mama waliokuwa wakipita na kuni. Hakuna aliyemega hata kipande. Lakini kila nilipoifungua, ilikuwa imepungua.

2. Nilipofika nyumbani gunia lilikuwa limelegea, linadondosha maji, na mgongo wangu umelowa. Mama mkwe alinitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, kumbe mvua imekunyeshea peke yako." Muthoni alikimbilia jikoni asije akanicheka mbele ya mama yake. Nilitamani kuingia chini ya meza niliyoichonga mwenyewe.

3. Jumatatu nilirudi kwa Bwana Mbithi kudai maelezo. Akatia kipimajoto katika ndoo ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka juani, akaikoroga. Alama ikakaa palepale kwenye sifuri. Akasema barafu inapoyeyuka hunywa joto jingi bila yenyewe kupata moto. Joto lote linaishia katika kazi ya kuigeuza maji. Bwana Meneja, huu ni wizi wa wazi. Jua la Barabara ya Ngong lilinichoma mimi shingo, na barafu yako ikalinywa bila kuonyesha usoni.

4. Akaendelea kusema kwamba maji nayo, yakishachemka, hayazidi kupata moto hata ukimaliza kuni zote. Joto linajificha ndani ya mvuke. Jioni ileile Muthoni alifunua sufuria ya viazi. Mvuke ukamgusa kidole, ukageuka matone, na katika kugeuka ukamchoma kuliko maji yenyewe. Hapo nikaitambua njia ya magendo. Joto linaloibwa na barafu yako barabarani hufichwa mahali, kisha huachiliwa jikoni kwangu. Nashuku linapitia Kileleshwa.

5. Kwa hiyo naomba utengeneze barafu isiyoyeyuka. Kama hilo ni gumu, watu wako waje na mitambo wayagandishe upya maji niliyoyakamua guniani, ambayo nimeyahifadhi kwenye karai. Na joto watakalolitoa humo walirudishe barabarani lilikotoka, mbele ya mashahidi.

Nisalimie wakata barafu wote, bawabu wa lango, na hata Bwana Mbithi. Muthoni anakusalimu kwa mkono ule usio na bendeji.

Ni mimi, mwenye kiu ya haki,
Zachariah Muchiri, seremala.

Baada ya kutia sahihi: Nimemsomea mama mkwe barua hii, naye ameniambia jambo. Jumamosi ile, nilipokwenda kubadili shati, alipapasa gunia akakuta kipande kama yai, akakitia mdomoni. "Nilitaka kukwambia," amesema, "lakini ulikuwa umekasirika, na mimi mdomo ulikuwa umejaa." Anasema utamu wake wote ulikuwa katika kule kuyeyuka, na kwamba mawe yasiyoyeyuka wanayo ya kutosha huko Nyeri. Tafadhali futa namba tano. Nikatie bonge jingine, liwe la kuyeyuka vizuri kama lile.