Chama cha Wenyeviti Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Februari
Nimeamua. Nitaingia kile chuo kikuu kinachochukua wanafunzi mia tatu tu kwa mwaka. Niko kidato cha kwanza, wiki ya nne. Wenzangu bado wanapotea njia ya maabara. Mimi tayari nina nakala ya fomu ya chuo!

Mwalimu wa ushauri ametuambia chuo hakitazami alama peke yake. Kinataka uongozi, huduma kwa jamii na barua ya mwalimu. Kisha akatoa habari iliyonikata pumzi: likizo ijayo chuo kitapokea mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza kutoka kila shule, akae pale wiki nzima. Mmoja! Mwalimu mwenyewe atamchagua kwa fomu tutakazojaza, Ijumaa ya wiki ijayo.

Nafasi hiyo ni yangu. Dada yangu aliomba chuo hicho mwaka juzi, wakamkataa. Alilia jikoni siku nzima, na mimi niliumia kuliko nilivyomwonyesha. Sasa anauza dawa za kikohozi. Nakala ya fomu ni yake, na kisanduku cha uongozi kiko wazi. Wazi kabisa! Yeye anasema kilichomwangusha ni fizikia. Maskini, hajui.

Jumanne, 4 Februari
Mkutubi analalamika kwamba vitabu vya maktaba vinabanduka majalada. Nimeanzisha Chama cha Kuokoa Vitabu. Mwenyekiti: mimi.

Kikao cha kwanza, baada ya masomo. Wamekuja watu kumi, wote wameisikia habari ya fomu, wote wanataka uenyekiti. Domo, ninayekaa naye dawati moja kwa bahati mbaya, amesema yeye haingii chama asichokiongoza. Tumebishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa. Nikapata wazo zuri ajabu: kila mtu awe mwenyekiti wa kitu chake. Tunaye Mwenyekiti wa Gundi, wa Mikasi, wa Vumbi, hata wa Madirisha. Domo amejipa cheo cha Mwenyekiti Mwenza. Mwenza wa nani? Sikumwita.

Jumatano, 5 Februari
Mwalimu ameisoma orodha yetu mara mbili. Ameuliza wanachama wako wapi. Wenyeviti kumi na mmoja, mwanachama hakuna! Amesema bila mwanachama hatuandikishi.

Nimemfuata yule msichana wa karibu na dirisha, tunayemwita Mpole. Ameuliza kazi ni nini. Nimemwambia ni kubandika vitabu. Akasema sawa. Cheo hakuuliza! Nilimwonea huruma ya kweli.

Ijumaa, 7 Februari
Siku ya kwanza ya kazi. Mafanikio makubwa. Mwenyekiti wa Mikasi alimkabidhi Mpole mikasi. Mwenyekiti wa Gundi alifungua kopo. Mimi nilihutubia, Domo akahutubia kwa muda mrefu zaidi, makusudi. Mpole alitengeneza vitabu vinne. Mkutubi ameuliza kama sisi wengine tunaumwa mikono. Nimemfafanulia kwamba sisi ni uongozi.

Jumamosi, 8 Februari
Mama ni fundi wa nguo, sebule yetu ndiyo karakana yake. Nimembembeleza anishonee beji kumi na moja kwa mabaki ya mapazia. Ameuliza kwa nini si kumi na mbili. Nimemjibu kwamba wa kumi na mbili ni mwanachama tu. Ametazama juu ya miwani, akashona.

Mchana nani anabisha hodi? Mpole! Amekuja kumwomba Mama mabaki ya kitambaa kigumu, eti ya kushikizia migongo ya vitabu. Mama amemjazia mfuko, kisha akamfundisha mshono ambao mimi sijawahi kufundishwa. Alipoondoka, Mama amesema yule mtoto atafika mbali. Nimemwambia atafika maktaba.

Jumatatu, 10 Februari
Mwalimu ana shughuli nyingi, kwa hiyo barua yake ya kunisifu nimemwandikia mimi. Kazi yake ilikuwa kutia sahihi tu. Niliandika kwamba katika miaka ishirini ya kufundisha hajaona mwanafunzi mnyenyekevu kama mimi, na kwamba darasa zima linapaswa kujua hivyo. Ameirudisha imejaa wino mwekundu. Alama nne kati ya ishirini! Ameongeza kwamba amefundisha miaka sita.

Jaribio la fizikia nalo limerudi. Thelathini na moja kwa mia. Halihusiani.

Jumatano, 12 Februari
Uasi! Domo ameitisha uchaguzi wa mwenyekiti mmoja wa kweli. Kura zimehesabiwa: kila mtu kura moja, yake mwenyewe. Aliyebaki ni Mpole, ambaye alikuwa juu ya ngazi akipanga vitabu. Tukamkimbilia wote. Domo akashika ngazi upande huu, mimi upande ule, kila mmoja akivuta ngazi na kura kwake. Mpole akang'ang'ania rafu. Kopo la gundi halikung'ang'ania. Nywele zangu sasa zinasimama zenyewe.

Mpole ameshuka salama, ameomba kura yake ihesabiwe kuwa haipo.

Ijumaa, 14 Februari
Nimekosa.

Mwalimu amesema mbele ya darasa kwamba amepokea fomu kumi na mbili. Kumi na moja zimeandikwa "mwenyekiti", tena wa chama kimoja. Moja tu imeandikwa "mwanachama", na chini yake vitabu thelathini na tisa, kila kimoja na ugonjwa wake na jinsi kilivyotibiwa. Mpole! Darasa limepiga makofi. Mimi pia nimepiga.

Nyumbani nimemwaga machozi kama bomba bovu. Dada hakunicheka. Amekaa kando yangu, akasema watu wa chuo wanatambua kazi na wanatambua mbwembwe, na kwamba miaka minne ninayo, tuanze na fizikia kesho. Nilimsikiliza neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza nimeona nilipokosea.

Jumamosi, 15 Februari
Wanachotaka ni mwanachama!

Nimeanzisha chama kipya tangu asubuhi. Katiba ina kurasa tisa, nimeiandika kwenye daftari la fizikia kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Mwenyekiti bado tunamtafuta, yeyote atafaa. Mimi nimejiteua Mwanachama Mkuu. Domo ameshapata habari, anadai kuwa Mwanachama Mwenza. Thubutu!

Dada amegonga mlango akiwa na kitabu cha fizikia. Nimemwomba asubiri nje. Mwanachama Mkuu yuko kikaoni.