Mlonge Kabla ya Dawa

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua ya alfajiri. Nimekaa barazani nikiitazama mikakao ikitoa mvuke, nikaota nikiwa macho: mimi, Adegoroye, mkuu wa wapiga dawa wa chama cha kakao cha Oke-Iroko! Kwa sasa cheo ni cha jirani yangu Olagoke, kwa sababu moja tu: ana barakoa ya mpira, miwani na glavu. Akivivaa anafanana na chura. Na watu wanamheshimu chura!

Mimi barakoa siiwezi. Inabana. Humo ndani mtu haoti vizuri.

Mchana alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Dakta Ebun. Akasema dawa ya wadudu hupenya mpaka kwenye ubongo; mikono hutetemeka, kumbukumbu huyeyuka. Nikamtazama mkwe wangu, Baba Ogunmola, aliyepiga dawa ujana wake wote kifua wazi. Siku hizi kijiko hakimfikii mdomoni na mchuzi ukiwa bado ndani. Kisha Dakta akasema kwenye maabara yao panya walionyweshwa maji ya mlonge kabla ya sumu hawakuharibika ubongo sana kama wenzao.

Akaendelea na mengine. Sikuyasikia. Nilishatoka kwenda kuchuma mlonge.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetwanga, nimechemsha, nimechuja kwa kilemba cha harusi cha mke wangu Morenike. Sasa ni cha kijani. Amesema maneno ambayo siyaandiki.

Ladha: kama kulamba ukuta. Nimekunywa beseni zima. Mchana wote nimeshinda chooni, lakini hata humo nilihisi ubongo wangu ukivaa koti, polepole, kifungo kwa kifungo.

Mzee naye nimempa kikombe. Akanishukuru akidhani mimi ni fundi wa paa.

Jumatano, 6 Agosti

Muujiza! Asubuhi mzee amemtazama Morenike akasema, "Morenike, mwanangu." Tangu mwaka jana amekuwa akimwita kwa jina la marehemu mama yake. Morenike aliangusha mwiko, akalia hadi uji ukaungua. Mimi nikakimbilia uani kwa Olagoke kumwambia enzi za chura zimekwisha.

Jioni mzee amemwita mbuzi wetu "Morenike". Kisha akaniita mimi hivyo hivyo. Morenike alicheka kidogo, akaingia jikoni, akakaa humo bila kuwasha moto.

Olagoke sikumwambia sehemu hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwendea Mama Iyabode, mwenyekiti wa chama, nikamwomba cheo. Akaniuliza kama sikumsikia Dakta akisema panya si mtu, na mlonge si badala ya barakoa. Kumbe ndiyo yale mengine! Nikamjibu kwamba panya na mtu wote wana ubongo, isipokuwa Olagoke. Akanifungia mlango.

Haidhuru. Shamba ni langu. Kesho napiga dawa mwenyewe, na nimealika watu waje kuona.

Jumamosi, 9 Agosti

Zahanati. Kalamu inacheza.

Jana nilisimama mbele ya watu, pampu mgongoni, kifua wazi, tumbo limejaa mlonge. Mwanzo ulikuwa mtamu! Ukungu mweupe ukapanda kati ya mikakao, jua likapenya ndani yake, kakao za manjano zikawaka kama taa za harusi. Zikanipungia. Nikazipungia. Majani yakaanza kuimba jina langu, kwa mbali, kwa upole.

Alikuwa Olagoke, akipiga kelele nitoke.

Mate yakanitiririka. Macho yakaingia giza. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Chura mkubwa akaja ndani ya ukungu, akanibeba begani. Nilimwambia ni mzuri sana. Watu wamelisikia hilo. Alinivua nguo, akaniosha kwa maji mengi, akanifunga kwa kanga ya Mama Iyabode na kunileta kwa pikipiki. Muuguzi anasema angechelewa kidogo, ningekuwa mada ya matanga.

Morenike amekaa kando ya kitanda tangu jana. Leo ndipo amesema, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

"Baba Tinu, nyumbani nina mwanamume mmoja anayenisahau. Unataka nilishe wawili kwa kijiko?"

Nikamwita jina lake. Nikaliita tena, ajue bado lipo. Akaushika mkono wangu uliokuwa ukitetemeka, akaubana mpaka ukatulia. Nimemwapia: sitapiga dawa tena bila kinga!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi nyumbani. Hewa tamu, mawingu yanatembea taratibu. Olagoke ameniletea barakoa yake ya akiba. Bure! Anataka niwe chura mdogo chini yake. Nimeitundika barazani, na kuku wa Morenike ameshatagia humo. Haifai kumsumbua mzazi.

Nikajilaza mkekani kuwaza, na ukweli ukanishukia kama manyoya. Dawa iliingia kwa pua. Mlonge niliunywa kwa mdomo. Vilipishana njiani! Kosa dogo kabisa, hata Dakta Ebun hakuliona.

Kiapo nakitimiza. Nimetwanga majani mabichi, nikayavingirisha vizuri, nikayashindilia. Morenike ameuliza ninafanya nini. Nimemwambia: kinga.

Keshokutwa narudi shambani. Naandika haya nikipumua kwa mdomo.