Binti Yangu Kupelekwa Disko

Kijiji cha Maguu,
Mbinga.
14 Oktoba 1997

Mkuu wa Chuo,

YAH: KUPELEKWA DISKO KWA BINTI YANGU BILA RIDHAA YA MZAZI

Ndugu Mkuu wa Chuo, pokea salamu za mzazi usiyemfahamu. Huku kwetu hatujambo, mvua bado, mibuni inavumilia. Mimi ni Mansuetus Ndunguru, baba wa Gaudiosa, mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili, fani ya upimaji ardhi. Siandiki kwa ugomvi. Ningekuwa na ugomvi ningekuja mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu supu. Mwaka jana Gaudiosa alikuja likizo akasema amepata sapu tatu. Nikamsahihisha kwamba neno ni supu, naye akakubali. Mama yake, Notburga, alifurahi, akasema chuo hicho kinatunza watoto. Mimi sikufurahi. Huku Umatengo supu hupewa mama aliyejifungua, mgonjwa, au mgeni wa heshima. Gaudiosa si mmoja wa hao, na kuhusu huyo wa kwanza naomba mnithibitishie kwa maandishi.

2. Kuhusu kukeri. Pasaka alisema amekeri masomo mawili. Mtoto kumkera mwalimu naelewa. Mimi mwenyewe nilimkera padre mmoja mpaka akanihamisha benchi. Lakini somo linakereka vipi? Halina masikio. Kama Hesabu zimekereka basi zitaje kosa, Gaudiosa aombe radhi, mambo yaishe.

3. Kuhusu disko lenyewe. Hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Juma lililopita Gaudiosa alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na sanduku lake lote, pamoja na godoro, na barua yenu mkononi. Barua ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya magunia. Nikamwomba anisomee. Aliikunja tena, akasema, "Baba, nimedisko. Nisamehe." Sikutaka kuamini. Nikaichukua karatasi nikaangalia mwenyewe, na neno nimeliona limepigwa kwa mashine: D-I-S-C-O, na mkia mrefu ambao sikuwa na haja nao.

Ndugu Mkuu, nimepanga madaraja ya kahawa katika chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa, mpaka walipokuja wanunuzi binafsi wanaochota yote kwa koleo moja. Najua kupima. Kahawa ikikosa daraja la kwanza tuliishusha la pili, ikikosa la pili tukaishusha la tatu, na hata iliyotobolewa na wadudu ilipata pa kuwekwa. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuipeleka kahawa ikacheze.

4. Kuhusu uchaguzi wa wachezaji. Gaudiosa anasema darasani kwao wamedisko wanne tu, kati ya sitini. Mlitumia kipimo gani? Kama ni miguu, miguu ile ameirithi kwa mama yake, mtu wa Lituhi, ambaye katika ngoma ya kioda hakuwa na mpinzani ufuko mzima wa Ziwa. Kurithi si kosa. Na kama kucheza sasa ni somo, nalo litolewe alama kama masomo mengine. Kwa nasaba yake nina hakika angeongoza, na wastani wake ungepanda, na msingekuwa na sababu ya kumpeleka disko. Hapo mtaona kwamba utaratibu wenu unajipinga wenyewe.

5. Kuhusu hali yake. Tangu arudi hacheki. Anatwanga, anachota maji, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, chakula anakigusa tu. Watu wanaotoka disko nimewaona, hurudi na kelele. Huyu amerudi kama mtu aliyefiwa, ndipo nikajua kwamba mlimchezesha kwa nguvu. Roho inaniuma, nasema wazi. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka kidato cha nne. Nimemwambia nimemsamehe, kwamba kucheza hakujamwondolea mtu akili, na kwamba chuo atarudi. Alilia sana, na siku hiyo akala.

Kwa hiyo naomba Gaudiosa arudishwe darasani na disko lifungwe. Kama siku hizi za soko huria hairuhusiwi kufunga biashara ya mtu, basi wapelekwe walimu. Mkikataa nitaleta akina mama kumi na wawili wa parokia yetu, wakae ukumbini na rozari zao mpaka muziki uzimwe. Wana subira kubwa na hawahitaji viti.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, wapishi wa hiyo supu, na mpiga santuri, ambaye simchukii.

Wako katika elimu isiyo na muziki,

Mansuetus Ndunguru

Tanbihi: Kabla ya kubandika stempu nilimpa Mwalimu Damiano wa shule yetu ya msingi anisahihishie tahajia. Amenisomea ule mkia wa neno: kumbe lote ni DISCONTINUED, yaani kuachishwa chuo kwa kufeli. Amenieleza pia kwamba sapu ni mtihani wa marudio, na kukeri ni kubeba somo ulilofeli mpaka mwaka unaofuata, huku akiangalia dirishani. Basi malalamiko yote matano nayafuta, na akina mama hawatakuja. Kipimo chenu ni halali, na mtoto hakufikia. Nilidhani nimesamehe jambo dogo, kumbe nimesamehe kubwa, na sasa naelewa kwa nini alilia vile. Msamaha huo siwezi kumnyang'anya. Hajui kwamba nimejua, na ameanza kula vizuri. Kama sheria zenu zinamruhusu mtu kuomba upya na kuanza tena mwaka wa kwanza, niandikieni, kwa Kiingereza, ili anisomee yeye. Na humo mseme kwamba disko limefungwa.