Ngege Kwenye Shela la Bibi Harusi

Studio ya Mirumbe,
Sindo, Homa Bay.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Mashine Inayochora Picha.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: KUREJESHEWA SAMAKI WANGU

Natumaini barua hii inakukuta umeshiba. Mimi ni Joash Mirumbe, mpiga picha wa harusi na matanga, na nakuandikia kwa heshima yote niliyobakiwa nayo.

1. Nilisikia mashine yenu hujifunza kuchora kwa kumeza picha za watu mtandaoni. Nikaambiwa dawa yake ni alama ya maji. Nikaandika jina langu kwa rangi hafifu katikati ya kila picha. Wateja wakanirudishia, eti nimeacha picha zikalowa ziwani. Mama Risper aliianika yake juani, jina likagoma kukauka.

2. Basi nikaificha alama. Kila picha ya harusi niliyoweka mtandaoni niliitia ngege mdogo kwenye shela, hafifu hata bibi harusi mwenyewe hamwoni. Nilijua mashine ikimeza picha zangu, siku moja itamtapika samaki.

3. Imemtapika. Mteja wangu Metrine, wa Migori, aliiomba mashine imchoree bibi harusi wa Ulaya, akapewa mzungu mwenye ngege shelani. Hongereni sana kwa utafiti.

4. Tatizo ni kwamba ngege wa mashine ni mnene kuliko wangu. Nilipomwonyesha Metrine wangu alikojificha, aliwalinganisha, akatangaza sokoni kwamba mimi ndiye ninayeiga mashine, tena naiga vibaya. Wenye harusi wameanza kunikwepa. Ndugu, hili limeniuma. Sina duka jingine ila jina langu, na sasa naitwa mwizi wa kazi ya mikono yangu.

5. Kwa hivyo naomba kampuni iutangazie umma wa Migori na Homa Bay kwamba samaki ni wangu. La sivyo, mashine iletwe Sindo iandikishwe kuwa mwanafunzi wangu. Ije na kiti chake, na ifagie studio kila asubuhi kama wenzake.

Nisalimie wahandisi, walinzi wa lango na mpishi wa chai. Mashine nayo iambie mwalimu wake hajambo.

Wako mwenye subira inayopungua,
Joash Mirumbe.

N.B. Suti uliyovaa kwenye picha ya tovuti yenu imewapendeza mno wanaume wa hapa. Karibu kila picha ya pasipoti inayotoka kwangu siku hizi ni kichwa cha mteja juu ya kifua chako. Palikuwa na alama ya kampuni kwenye kola, lakini usiwe na shaka, niliifuta vizuri.